Kabla ya kumtaja mwuaji

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa Bagamoyo. Shughuli iliyonipeleka ilikwisha mapema kuliko nilivyotazamia, na kwa kuwa basi la kurudi Dar es Salaam lilikuwa bado linaita abiria, nikaona si vibaya nipite kuwaamkia wazee fulani ninaowafahamu tangu miaka kadhaa. Baraza lao liko katika mtaa wa kale, si mbali na pwani wanapotua wavuvi. Kwa kawaida huwakuta wakicheza bao, au wakibishana mambo ya mpira. Siku hiyo bao lilikuwa limeegemezwa ukutani, na wazee wote wanne walikuwa kimya, wamekikodolea macho kitabu kimoja chakavu.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema.

"Marahaba. Kaa hapo mwanangu, umekuja wakati wake. Hapa ameuawa mtu."

Nilishtuka, lakini walipocheka nikaelewa kuwa aliyeuawa yumo kitabuni. Mmoja wao alikuwa amekinunua kitabu hicho kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika bidhaa zao kando ya barabara jijini. Hakukikagua. Alipofika nyumbani akagundua kwamba kurasa za mwisho hazimo, zimenyofoka, na hizo ndizo kurasa ambamo mwuaji anatajwa. Mtu mwingine angelikitupa. Wao wakakubaliana kukisoma kwa sauti, kwa zamu, sura moja kila alasiri, kisha kila mmoja amtaje mwuaji wake. Mzee wa nne alikwisha kukisoma tangu ujana wake, kwa hiyo anaujua mwisho. Huyo wakamfanya hakimu, na wakamwapisha asifumbue mdomo.

Kitabu chenyewe ni *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Bwana Muhammed Said Abdulla. Nami nilikisoma nikiwa mwanafunzi, lakini miaka imepita na mwisho wake umenitoka kichwani. Walinisimulia walipofikia, wakanitaka nitaje mtu wangu. Nikataja jina mara moja. Mzee hakimu akanitazama, akauliza, "Kwa ushahidi gani?" Nikajibu kuwa nahisi tu.

"Hisia zako zipeleke kwa mganga," akasema. "Hapa lete ushahidi."

Ndugu msikilizaji, maneno hayo niliyafikiri njia nzima, kutoka Kerege hadi Bunju na hadi mjini. Nikaona mazungumzo yetu ya leo yawe juu ya hadithi za upelelezi: ni kitu gani, zilifikaje kwetu, kwa nini watu wazima wenye akili zao wakae barazani kumtafuta mwuaji ambaye hajapata kuwako duniani, na je, kuna faida yoyote katika jambo hilo zaidi ya kupitisha wakati?

Tuanze na asili yake. Visa vya werevu wanaofumbua mafumbo ni vya kale mno, na kila taifa linavyo. Lakini hadithi ya upelelezi kama tuijuavyo leo, yaani hadithi inayoanza na jinai na kumalizikia kwenye maelezo ya nani aliyefanya na vipi, wataalamu wengi huihesabu kuwa ilianzia Marekani mwaka 1841, pale mwandishi Edgar Allan Poe alipotoa kisa cha mauaji katika mtaa mmoja wa Paris. Mpelelezi wake, Dupin, hakuwa askari. Alikuwa mtu wa kawaida aliyependa kukaa, kuvuta kiko na kufikiri. Tena alikuwa na rafiki, na huyo rafiki ndiye anayetusimulia.

Mwaka 1887 daktari mmoja mzaliwa wa Edinburgh, Arthur Conan Doyle, akamtoa Sherlock Holmes. Huyu ndiye aliyeivaa dunia. Conan Doyle alimfinyanga Holmes kwa kumkumbuka mwalimu wake wa udaktari, Dokta Joseph Bell, ambaye aliweza kumtazama mgonjwa anapoingia mlangoni akatambua kazi yake na alikotoka kabla mgonjwa hajasema neno. Umaarufu wa Holmes ulimchosha hata mwandishi mwenyewe, akaamua kumwua katika hadithi ya mwaka 1893. Wasomaji wakachachamaa. Baada ya miaka kadhaa ilimbidi amfufue, na hadi mwisho alikuwa ameandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Holmes na rafiki yake Dokta Watson.

Kisha akaja Bibi Agatha Christie, ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bibi huyu alifanya kazi ya kutengeneza dawa hospitalini, na huko ndiko alikojifunza habari za sumu, maana katika vitabu vyake watu wengi hufa kwa sumu. Naye alipenda kuwafungia watu wake mahali pamoja ambapo hakuna atokaye wala aingiaye. Katika kitabu chake kimoja cha mwaka 1934, mtu anauawa ndani ya treni iliyokwama katika theluji. Kwa hiyo mwuaji hana pa kukimbilia. Yumo humo humo, anakunywa chai na wenziwe.

Waandishi hao wa Uingereza waliuchukulia mchezo wao kwa uzito. Mwaka 1929 padri mmoja Mkatoliki, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mtunzi wa hadithi hizo, alitoa amri kumi za uandishi wa upelelezi. Mwaka 1930 wakaunda chama chao mjini London, na mwanachama mpya alikula kiapo. Kiini cha amri zile ni kimoja, nacho ni kwamba msomaji asidhulumiwe. Kila dalili anayoiona mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe. Mwuaji asiwe mtu anayezuka ukurasa wa mwisho. Na amri mojawapo, ambayo naomba uishike kwa kuwa tutairudia, inasema kwamba mizuka na nguvu zisizo za kibinadamu zisitumiwe kueleza jinai. Mtu akifa, na atafutwe mtu aliyemwua.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo alianza kazi katika idara ya afya, akiwa mkaguzi. Mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na baadaye akafanya kazi katika magazeti mengine ya huko. Toka mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Tazama basi kazi zenyewe. Mkaguzi wa afya ni mtu anayeingia uani, anafunua mitungi, anauliza maji haya yametoka wapi. Mhariri naye ni mtu anayemwuliza mwandishi wake, nani kakuambia? Sisemi kwamba kazi hizo ndizo zilizomfanya awe mtunzi. Nasema tu kwamba kupekua na kuhoji vilikuwa mkate wake wa kila siku kabla hajamwumba mpelelezi.

Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, hadithi yake ilishinda nafasi ya kwanza. Ikachapwa kitabu mwaka 1960, nacho ndicho hicho *Mzimu wa Watu wa Kale*. Humo ndimo alimoingia Bwana Msa, mtu mtulivu, kiko mdomoni, ambaye si askari lakini askari wanamhitaji. Anaye rafiki yake Najum, na yuko Inspekta Seif wa polisi. Baada ya hapo vilifuata *Kisima cha Giningi* mwaka 1968, *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* mwaka 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* mwaka 1976, na *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984. Mzee wetu huyo alifariki dunia mwaka 1991.

Wako wanaosema kuwa Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kufanana kupo, na mwenye macho hawezi kukanusha. Kiko ni kile kile, rafiki ni yule yule, na inspekta anayetangulia kukosea ni yule yule. Lakini mimi naona anayeishia hapo hajasoma sawasawa. Holmes anafanya kazi katika jiji la mamilioni ya watu wasiojuana, ndiyo maana anasoma matope ya viatu na majivu ya sigara. Bwana Msa yuko Unguja, mahali ambapo watu wanajuana, wameoana, wamerithiana na kufichiana. Huko siri haimo katika matope ya viatu, siri imo katika nasaba. Nani mtoto wa nani? Nani alioa wapi na akaacha nini? Shamba hili lilikuwa la nani? Mambo hayo ndiyo yanayozungukazunguka katika vitabu vya Bwana Abdulla, na yeyote aliyekulia mwambao huu anajua kwamba huo ndio upelelezi wetu wa kweli. Waulize mabibi zetu. Kabla ya kukubali posa, ukoo mzima huchunguzwa kwa makini ambayo hata Holmes angevua kofia.

La pili ni lile la mizuka. Tazama majina ya vitabu viwili vya kwanza. Mzimu ni mahali panapoogopwa, mahali pa kutambikia. Giningi, kwa watu wa Visiwani, ni jina linalohusishwa na mji wa wachawi. Bwana Abdulla aliandikia watu wanaoyajua mambo hayo kwa majina. Mtu mwenye mali anakutwa amekufa kwenye mzimu, na jambo la kwanza linalomjia kila mtu ni kwamba wenyewe wamekasirika. Padri Knox alipoikataza mizuka kule Uingereza, aliwakatazia watunzi njia ya mkato. Bwana Abdulla alikuwa na kazi ngumu zaidi. Yeye ilimbidi auweke mzimu mbele ya wasomaji ambao wengi wao waliusadiki, awaache waogope kweli kweli, kisha, hatua kwa hatua, bila kumtukana yeyote, awaonyeshe kwamba mkono uliotenda ni mkono wa mtu. Sitasema mkono wa nani. Wazee wa Bagamoyo hawatanisamehe, na wewe ambaye hujakisoma hutanisamehe.

Wazee wale wana sababu yao ya kukifurahia kitabu hicho hasa. Kilomita chache kusini ya mji wao ipo Kaole, yenye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita, na wako watu ambao mpaka leo huenda pale kuomba dua zao. Shuka kusini zaidi hadi Kunduchi, utakuta magofu mengine chini ya mibuyu. Pwani yetu yote hii ina mahali ambapo mtoto huambiwa asipite saa za magharibi. Kwa hiyo anapoambiwa mtu wa huku kuwa maiti imekutwa mzimuni, haitaji maelezo. Nywele zinamsimama zenyewe.

Bwana Abdulla alifuatwa na wengi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo*, na hapo upelelezi wa Kiswahili ukahamia bara, ukapata simu, magari na askari kanzu. Mwaka 1972 Eddie Ganzel akaja na *Ndoto ya Mwendawazimu*. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika *Kufa na Kupona*. Huyo hakuwa mtu wa kiko na baraza. Gamba ni kachero wa Serikali anayepanda ndege na kubeba bastola, na maadui zake ni wale waliokuwa wakizipiga vita harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wakati huo Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa hiyo msomaji alipomfuata Gamba aliona habari za gazetini zimepewa miguu. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Musiba alitutoka mwaka 2010 na Mtobwa mwaka 2008, lakini ukimtaja Gamba au Joram mbele ya watu wa umri wangu, utaona mtu mzima akitabasamu kama mtoto. Tulivisoma vitabu hivyo kwa kupokezana, tukavificha ndani ya madaftari ya hesabu.

Hata hivyo wapenzi wa upelelezi hutofautisha. Kisa cha Gamba kinakuuliza, je, ataokoka? Kisa cha Bwana Msa kinakuuliza, je, wewe umeona? Cha kwanza kinakukimbiza, na raha yake ni mapigo ya moyo. Cha pili kinakukalisha chini, na raha yake ni ile ya fumbo na kitendawili. Waswahili tulikuwa na mchezo huo kabla ya kitabu chochote. Mtu anasema, "Kitendawili!" Wenziwe wanajibu, "Tega!" Wakishindwa wanampa mji, naye anawafumbulia, nao wanajipiga paji la uso kwa kuwa jibu lilikuwa mbele ya macho yao. Hadithi ya upelelezi iliyotungwa vizuri ni kitendawili cha kurasa mia. Ukifika mwisho usiseme, "Ningejuaje?" Useme, "Kumbe lilikuwa pale pale!"

Ndiyo maana wapenzi wake hurudia kitabu ambacho mwisho wake wanaujua. Mzee hakimu aliniambia hivyo hivyo. Yeye anamjua mwuaji tangu ujana, na bado kila alasiri anakuja kusikiliza, kwa sababu sasa anaona jinsi mtunzi alivyoificha dalili. Anaiona imelala wazi katikati ya sentensi ya kawaida, wenziwe wanaipita, naye anauma midomo asicheke.

Sasa nirudi kwenye swali langu la mwanzo. Je, iko faida? Nitaleta mashahidi wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu.

Wa mbali ni Conan Doyle mwenyewe. Mwaka 1903 kijana mmoja wa Uingereza, mwanasheria George Edalji, ambaye baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa mwenye asili ya Kihindi, alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la kukata mifugo usiku katika mashamba ya jirani. Alikaa gerezani miaka mitatu, akaachiliwa bila kusafishwa jina. Conan Doyle aliposoma habari zake akaomba waonane katika hoteli moja. Alipoingia, alimwona kijana huyo kwa mbali akisoma gazeti alilolisogeza karibu kabisa na uso. Akiwa daktari aliyesomea pia habari za macho, alijua papo hapo kwamba mtu mwenye macho ya namna ile hawezi kukatiza mashamba usiku wa giza, akakwepa walinzi, akamkata mnyama na kurejea nyumbani. Mwaka 1907 aliandika makala gazetini akizichambua tuhuma moja moja, na mwaka huo huo Edalji akasamehewa. Mwaka huo pia Uingereza ilipitisha sheria ya kuunda Mahakama ya Rufaa ya Jinai, na kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizosukuma jambo hilo.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Mtu huyo huyo, mwenye macho makali hivyo, mwaka 1920 aliandika gazetini kuwathibitishia watu kwamba picha walizopiga wasichana wawili, zikionyesha vijitu vidogo vyenye mabawa vikicheza kando ya kijito, zilikuwa picha za kweli. Alikuwa mwumini mkubwa wa mambo ya roho za wafu. Mwaka 1983 wasichana wale, wakiwa vikongwe, walikiri kuwa vile vilikuwa vikaratasi vilivyochorwa na kukatwa kwa mkasi. Fundisho lake ni nini? Mtu hushikwa hasa pale moyo wake unapotaka jambo liwe kweli. Kwa Edalji alitazama. Kwa vijitu vile alitamani.

Shahidi wangu wa karibu ni kisa nilichokishuhudia mwenyewe katika kijiji kimoja cha wavuvi kwenye pwani hii hii, kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Sitakitaja jina. Alfajiri moja mashine ya boti ilikutwa haipo. Mashine ndiyo maisha ya mvuvi. Bila mashine watu sita hawaendi baharini na nyumba sita hazina mboga. Kabla jua halijachomoza vizuri, jina la kijana mmoja lilikuwa limekwisha kutajwa. Kijana mwenyewe alikuwa na sifa ya uvivu na bangi, na kwa hiyo hakuna aliyeona shaka. Akaletwa pwani amekamatwa mashati. Wengine wakataka apelekwe kwa mpiga ramli, wengine wakaona ramli ni kupoteza wakati. Fimbo zilikuwapo tayari.

Ndipo akajitokeza mtu akasema kwamba yeye alimwona kijana huyo usiku, saa tano, akitoka majini upande wa boti, amelowa hadi kifuani.

Alikuwapo mzee mmoja, nahodha mstaafu. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: "Jana saa tano za usiku maji yalikuwa wapi?"

Pakawa kimya, ndugu msikilizaji, kimya ambacho sijakisahau. Kwa maana wote pale walikuwa wavuvi, na wote walijua. Mwezi ulikuwa mpevu, bahari iko bamvua, na katika bamvua za pwani yetu saa tano za usiku maji huwa yamekupwa kabisa. Boti lilikuwa limekaa juu ya mchanga. Mtoto angelifika pale bila kulowa magoti. Basi huyo aliyelowa hadi kifuani alitoka wapi? Shahidi akaanza kubabaika. Mara si yeye aliyeona, ni jamaa yake aliyemhadithia. Mara si jana, labda ni juzi. Mikono iliyomshika kijana ikalegea. Kabla ya adhuhuri mambo yakajulikana: mwenye hisa ya pili katika boti lile aliichukua mashine jioni, akaipeleka kwa fundi, na ujumbe aliouacha haukumfikia mwenziwe.

Kila mtu pale alikuwa na elimu ya kumwokoa kijana yule. Hesabu za maji kupwa na kujaa wanazo vichwani tangu utotoni. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kuuliza. Sijui kama nahodha yule alipata kumsoma Bwana Msa. Ninachojua ni kwamba swali lake lilikuwa swali la Bwana Msa, na kwamba kijana yule yu hai.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Katika nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na mtu akasema ni wachawi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya uongo wa waganga, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Vijana wameuawa sokoni kwa neno moja tu, "Mwizi!" Ramli na kelele za "Mwizi!" zina ladha moja: zinakupa jina upesi, bila taabu ya ushahidi. Ni kitabu kinachoanzia ukurasa wa mwisho.

Wala nisijifanye msafi. Zamani, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilisoma hewani habari ya mama mmoja mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwamba ametoroka na fedha za wenziwe. Nilikuwa na watu watatu walionieleza, nikajiona nimetimiza wajibu. Sikuuliza swali moja: je, hao watatu walijuaje? Kumbe wote watatu walikuwa wamesikia kwa mtu mmoja. Mama yule alikuwa amelazwa hospitalini, na fedha zilikuwa benki. Tuliomba radhi kesho yake, lakini radhi haina miguu mirefu kama uzushi. Nilikwenda kwake kumwomba radhi ana kwa ana. Alinipokea, akanipa kiti, akaniambia, "Mwanangu, mume wangu aliisikia redioni." Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo naielewa zaidi kazi ya mpelelezi wa kitabuni. Hata Bwana Msa alikosea, na mtunzi wake hakuona haya kulitia neno hilo kwenye jalada la kitabu. Raha ya hadithi hizi ni kwamba zinatupa mahali pa kukosea bila kumwumiza mtu. Barazani Bagamoyo nimemtuhumu asiye na hatia, na hakuna aliyepigwa. Nimechekwa tu, nikaambiwa nirudi nikasome. Mtu akizoea kuchekwa hivyo mara kumi kitabuni, huenda mara ya kumi na moja, pale pwani, palipo na fimbo za kweli, akasita kidogo. Siahidi zaidi ya hapo. Kusita kidogo kulitosha kumwokoa kijana yule.

Kwa hiyo ombi langu la leo ni dogo. Vitabu hivi vinazidi kuchakaa, na vingi ni vigumu kuvipata madukani. Kama unacho kimoja kabatini, kitoe kisomwe. Waachie vijana wa nyumbani wakibishanie, na mwenye kuujua mwisho anyamaze. Atakayetaja jina, aulizwe ushahidi wake.

Mimi narudi Bagamoyo Jumamosi. Jina nililolitaja siku ile nimelifuta. Ninalo jingine, na safari hii nina dalili mbili mkononi. Mzee hakimu aliniambia wakati tunaagana kwamba mbili ni chache, zinahitajika tatu. Naendelea kuitafuta ya tatu.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia kila la heri.